Mikoba 60 kwa mwezi, daftari lina faida, droo tupu: hesabu inakosea wapi?

mkasi_na_uzi

Wakuu, naomba macho yenu kwenye hesabu hizi. Ni karakana ndogo ya kushona mikoba ya turubai: cherehani 2, fundi anayelipwa kwa kila mkoba anaoumaliza, na msaidizi mmoja wa mshahara. Sitaji fedha ya nchi yoyote. Chukulieni mkoba mmoja unauzwa 100, na mengine yote yapimwe kwa hiyo.

Kila mkoba unakula kitambaa cha nje 20, bitana 10, zipu, mikanda na uzi 8, ufundi 14, mfuko na usafiri 3. Jumla 55. Kwa mwezi kuna pango 700, umeme na intaneti 150, msaidizi 550. Jumla 1,400.

Inatoka mikoba 60 kwa mwezi. 45 × 60 ni 2,700, toa 1,400, inabaki 1,300. Hiyo ndiyo faida iliyoandikwa miezi 5 mfululizo. Lakini ukifungua droo, hela ya pango haitimii na muuza kitambaa wa jumla anadai. Nusu ya mikoba inakwenda madukani, nao wanalipa baada ya siku 45. Kuna mkopo wa cherehani, marejesho 400 kila mwezi. Matumizi ya nyumbani nachukua 600.

Nipunguze bei niuze zaidi, au nitafute mkopo mwingine wa kuongeza mtaji?

HesabuKwanza

Kabla ya yote, madukani mkoba unaingia kwa 100 hiyo hiyo au kuna bei ya jumla?

mkasi_na_uzi

Ya jumla ni 85. Daftarini niliandika 100 kote kurahisisha mambo.

HesabuKwanza

Basi 450 za kwanza tumeziona: mikoba 30 mara 15. Hakuna aliyeziiba, hazikuwahi kuwepo. Ulichobakiwa nacho ni 850, si 1,300. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, ila daftari lenye bei ya kubuni nalo halina tofauti kubwa.

Sasa tenganisha maswali mawili uliyoyachanganya. Biashara inapata faida? Na je, pesa iliyopo inatosha kulipa wanaodai mwezi huu? Majibu yake hayalingani, kwa sababu vipo vitu vinavyokula faida bila kugusa droo, na vipo vinavyokomba droo bila kugusa faida.

Uchakavu ni wa aina ya kwanza. Tuseme cherehani zote mbili zilinunuliwa kwa 2,400 na zitatumika miezi 48: kila mwezi zinachakaa kwa 50, hata kama siku hiyo hujatoa senti. Marejesho ni ya aina ya pili. Tuseme ndani ya 400 riba ni 60; hiyo 60 ndiyo gharama. Zile 340 ni kumrudishia mkopeshaji pesa yake, haziingii kwenye gharama, lakini zinatoka mfukoni mwako vilevile. Angalia ratiba yako ya mkopo uweke namba halisi, kwa kuwa mgawanyo wa riba na deni mara nyingi hubadilika mwezi hadi mwezi.

Zile 600 za nyumbani ziite mshahara wako na uziandike. Biashara isiyoweza kumlipa anayeiendesha inaishi kwa kazi ya bure, na bei unayopanga bila kuhesabu kazi hiyo itakuwa ya chini siku zote.

Faida: 850, toa 50, toa 60, toa 600. Inabaki 140. Ipo, ila nyembamba.

Droo: 850, toa marejesho 400, toa 600. Ni pungufu ya 150. Yaani hata madukani wakilipa siku ile ile waliyoahidi, kila mwezi unazama 150. Mara 5 ni 750, na nadhani sehemu ya deni la muuza kitambaa inatokana na hapo.

Ukiuza nusu kwa nusu, kila mkoba unakuachia wastani wa 37.5 (rejareja 45, jumla 30). Gharama za mwezi pamoja na mshahara wako, riba na uchakavu ni 2,110. Gawanya kwa 37.5, unahitaji mikoba 57 ili usipate hasara. Pesa taslimu inayotakiwa kutoka ni 1,400 + 400 + 600, yaani 2,400, na hiyo inataka mikoba 64. Unauza 60. Uko katikati ya namba hizo mbili, ndiyo maana daftari linacheka na droo inalia.

Kupunguza bei? Ukishusha rejareja kutoka 100 hadi 90, kinachobaki kwa mkoba kinashuka kutoka 45 hadi 35. Ili ubaki pale pale lazima uuze 39 badala ya 30. Punguzo la 10% linadai mauzo yaongezeke kwa 30%, na fundi ni yule yule mmoja. Afadhali uhamishe mikoba 10 kutoka madukani hadi rejareja: 10 × 15 ni 150, pengo limezibika bila kushona hata mmoja wa ziada. Mkopo mwingine ukitumika kulipa pango utaongeza tu marejesho.

kipimo_sm

Nakubaliana na hesabu, ila mbona hakuna aliyeuliza kitambaa kinakatwaje? Pale kwenye 20 kuna pesa.

Mkoba wako una upana gani? Nachukua mfano wa vipande viwili vikubwa, kila kimoja sm 40, kitambaa cha upana wa sm 150. Toa kingo mbili ngumu, sm 1 kila upande, inabaki 148. Vipande vya sm 40 vinaingia vitatu, 120, na sm 28 zinakwenda kwenye gunia la mabaki. Zinatoka mikanda na mifuko ya ndani, sawa, lakini hazimalizwi na hizo. Punguza kipande hadi sm 36.5. Vinne ni 146, na sm 2 zinabaki kwa ajili ya mkono kuteleza. Urefu ule ule wa kitambaa sasa unatoa vipande 4 badala ya 3, kwa hiyo kila kipande kinakula robo pungufu. Ikiwa vipande vikubwa vinachukua 16 kati ya zile 20, umeokoa 4 kwa mkoba. Kwa mikoba 60 ni 240 kwa mwezi, zaidi ya pengo la 150.

Tahadhari: usipunguze hadi 37 kamili. 37 × 4 ni 148 juu ya karatasi, lakini kitambaa kikivutika kidogo mezani kipande cha nne kinatoka kimepinda. Kitambaa chenye maua yanayoelekea upande mmoja usikigeuze ili kubana nafasi, mteja ataona maua yamesimama kwa kichwa. Na kwa mkasi wa mkono turubai isizidi tabaka 4; zaidi ya hapo tabaka la chini linateleza na vipande havilingani, kisha fundi anapoteza dakika kuvikata upya.

La pili ni zipu. Mikoba inayorudishwa mara nyingi ina kosa dogo la ushonaji: mshono umekaribia meno, kichwa cha zipu kinauma bitana, mteja anavuta kwa nguvu, basi. Acha mm 5 au 6 kati ya mshono na meno, shona bitana ikiwa imevutwa nyuma, halafu fungua na funga mara 20 kabla mkoba haujatoka. Kwa turubai nzito tumia sindano namba 100 au 110. Nyembamba inapinda, inaruka mishono. Mkoba mmoja uliorudishwa na kutupwa unafuta faida ya mikoba karibu miwili ya jumla.

AnkaraMkononi

Mimi niguse siku 45. Mikoba 30 kwa 85 ni 2,550 kila mwezi. Siku 45 ni mwezi na nusu. Kwa hiyo 3,825 ziko nje muda wote, kwenye droo za watu wengine. Mauzo ya jumla yakikua mara mbili, nazo zinakuwa 7,650. Biashara nyingi ndogo hukwama pale zinapokua, kwa sababu kila oda mpya unaigharamia wewe kwanza.

Ukishusha hadi siku 30 unarudishiwa 1,275. Zinarudi mara moja tu, si kila mwezi, hivyo zilipe deni la kitambaa na zisiingie kwenye matumizi ya kawaida.

Duka lililozoea 45 usilirukie ghafla. Anza na oda mpya, na kwa mteja mpya dai nusu kabla ya kukata kitambaa: nusu ya 85 ni 42.5, inalipia vifaa vyote 38 na inabaki kidogo. Akitoweka hujapoteza zaidi ya ufundi. Ankara itoke siku ile ile mzigo unapofika, iwe na tarehe ya mwisho ya kulipa iliyoandikwa kamili (usiandike "siku 30", watu huhesabu kuanzia wanapotaka), namba ya oda, na jina la anayeidhinisha malipo. Ujumbe wa kwanza utume siku 3 kabla ya tarehe. Anayedaiwa zaidi ya siku 60 asipewe mzigo mwingine, hata akiwa rafiki.

Punguzo la kulipa mapema, mathalani 2% ndani ya siku 10, linakugharimu 1.7 kwa mkoba, 51 kwa mwezi wote wakilikubali. Kwa droo iliyo pungufu ya 150 sishauri kuanzia hapo.

Na kama umesajiliwa kukusanya kodi ya mauzo, iondoe kwanza kabla ya hesabu yoyote hapa. Kodi ya 15% iliyo ndani ya bei ya 115 ni 15, haipatikani kwa kuzidisha 115 kwa 15%. Pesa hiyo si yako. Iweke akaunti ya pembeni siku inapoingia.

mkasi_na_uzi

Ahsanteni sana. Naongeza mawili ambayo sikuyasema. Kati ya mikoba 30 ya madukani mwezi huu, 11 ni mali kauli, wanalipa ikishauzwa, na bado iko rafuni. Na kitambaa na bitana nilichukua vya miezi 3 kwa mpigo, kwa sababu ya punguzo la 8%.

HesabuKwanza

Mali kauli ambayo haijauzwa ni mali yako iliyohamia rafu ya mtu mwingine. Usiiandike kama mauzo. Mikoba 11 inarudi kwenye orodha ya bidhaa kwa gharama yake, 55 × 11, yaani 605, na faida inashuka kwa 11 × 30, yaani 330. Ile 140 ya mwezi huu imegeuka hasara ya 190. Kila duka liwe na karatasi yake: iliyopelekwa, iliyouzwa, iliyobaki, sahihi ya pande zote mbili, na ihesabiwe kwa macho kila wiki 2. Kisichotoka kwa siku 60 kirudishwe ukiuze rejareja.

Kuhusu kitambaa sitakulaumu, 8% si haba. 30 × 60 × 3 ni 5,400, umeokoa 432.

AnkaraMkononi

Hapo tunatofautiana. Kaokoa 432, lakini 3,312 za miezi miwili ya mbele (3,600 ukitoa punguzo) zimelala kama kitambaa na mwenye nyumba hapokei kitambaa. Rangi ikikataa kuuzika, 8% yote imekwenda na zaidi. Mwombe muuza jumla bei ile ile kwa ahadi ya miezi 3, akuletee mzigo kwa mafungu matatu na ulipe fungu kwa fungu. Wengi hukubali, maana wanachotaka ni uhakika wa mteja.

kipimo_sm

Na ukikubaliwa, kabla ya fungu la kwanza kata mkoba mmoja wa sm 36.5 ushone hadi mwisho. Zipu ya zamani itakuwa ndefu kwa sm 3.5, na mikanda itakaa mahali pengine. Usiagize zipu nyingine mpaka mkoba huo wa mfano uwe mezani.