MJADALA: Yesu ni mmoja, mbona tunabatizana mara mbili?

Mwana Freretown:
Bwana asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo, na Sabato njema kwa watu wa Jumamosi, nisije nikaambiwa nimebagua. Leo tuzungumze hii maneno ya umoja wa Wakristo, ila si ule wa maaskofu kupiga picha pamoja Januari, ile wiki ya kuombea umoja tarehe 18 mpaka 25. Nataka ule wa nyumbani.

Kwetu kuna harusi imekwama. Binti amebatizwa mchanga kanisa la Kianglikana hapa Kisauni, kipaimara amepata, kwaya ameimba mpaka juzi. Bwana harusi ni wa kanisa moja la kiroho, jina nalibana. Pasta kasema hafungishi ndoa mpaka binti azamishwe baharini, ati yale maji ya kichwani hayahesabiki. Binti mwenyewe hana neno, anasema kama ni kulowa atalowa. Mwenye neno ni nyanya yake, manake yeye ndiye aliyemsimamia siku ile, na anauliza kitu kimoja tu, sasa mimi zile ahadi nilizijibu mbele ya nani? Wazee wa kanisa wamekuja kumtuliza, wamekunywa chai, wameondoka hawajajibu.

Msimamo wangu ni huu. Tofauti za ibada hazinisumbui hata kidogo, wewe weka spika mpaka Nyali wasilale, mwingine achome ubani, mwingine akae kimya, Mungu anasikia wote. Lakini ukimrudisha majini mtu aliyebatizwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, hapo hatuzungumzi tena namna ya kuabudu, umemwambia miaka yote hiyo hakuwa Mkristo na waliomlea hawakuwa kanisa. Alafu Januari uje ushikane mikono na askofu wake? Hapana bana.

Na si ugomvi wa leo. Karne ya 3, Afrika hii hii, kule Karthago ambayo leo ni Tunisia, askofu Cyprian alishikilia kwamba aliyebatizwa na waliojitenga akija kanisani abatizwe. Stefano askofu wa Roma akakataa, maji yalishamwagwa kwa jina la Kristo, mwekee mikono yatosha. Walizozana vibaya sana. Upande wa magharibi mwishowe msimamo wa Roma ndio ulioshinda, na ndio maana mpaka leo Mwanglikana akihamia Katoliki hawamtii maji tena. Mwaka 1982 pale Lima, Peru, tume ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni, na wanateolojia wa Katoliki wakiwemo, wakakubaliana kwamba ubatizo haurudiwi.

Sisi wa Mombasa ndio kabisa hatufai kujifanya wageni wa haya mambo. Krapf aliyeshuka hapa 1844 alikuwa Mlutheri wa Ujerumani ametumwa na CMS, jumuiya ya Waanglikana. Wamethodisti walipotaka kufungua kituo chao Ribe 1862 ni huyo huyo Krapf aliyewaleta, na Ribe na Rabai, kilipokuwa kituo cha CMS, ni majirani. Mnaweza kufikiria leo pasta anampeleka pasta wa dhehebu jingine akafungue kanisa jirani na lake? Haya, karibuni, matusi hapana.

Mlokole wa Bamburi:
Ndugu yangu nimekusoma vizuri na nyanya namwonea huruma kweli, ila umeanza na jibu. Unasema "kubatiza tena", sisi hatubatizi tena, tunabatiza mara ya kwanza. Marko 16:16, aaminiye na kubatizwa ataokoka, kuamini kwanza maji baadaye. Mtoto wa wiki tatu ameamini nini? Na hata Paulo mwenyewe Matendo 19 aliwakuta wanafunzi Efeso wamebatizwa ubatizo wa Yohana, hakuwaambia basi yatosha, wakabatizwa kwa jina la Bwana Yesu. Sasa Paulo naye alivunja umoja? Mimi pia nilibatizwa mtoto, nikaokoka nikiwa mtu mzima, nikaingia majini na najua tofauti. Usiniambie niseme uongo kwa ajili ya amani.

Mwana Freretown:
Hoja yako ya kuamini kwanza naiheshimu, ndiyo nzito, lakini Matendo 19 haikusaidii, wale walibatizwa ubatizo wa Yohana na wenyewe walisema hata kama kuna Roho Mtakatifu hawajasikia. Bibi harusi wetu si wa Yohana, alibatizwa kwa Utatu. Alafu geuza ukurasa urudi Matendo 16, mlinzi wa gereza Filipi alibatizwa yeye na watu wake wote usiku ule ule, umeulizia umri wao?

Mlokole wa Bamburi:
Na mstari wa 34 unasema alifurahi na nyumba yake yote wakimwamini Mungu. Soma mpaka mwisho bana 😀

Mama Tudor:
Mimi Mkatoliki, mume wangu Mmethodisti, kwa hiyo haya mnayoandika mimi nayaishi. Wakati wa ndoa padri alituombea ruhusa kwa askofu tukafunga kanisani kwetu na hakuna aliyemwambia mume wangu abatizwe upya, hapo nawapa heko viongozi wangu. Lakini ngojeni, Mwana Freretown unafanya kama ubatizo ndio mlima wote. Tukiwa Misa mume wangu anabaki kwenye benchi watu wote wakienda kupokea komunyo, watoto wanamuangalia, na mdogo alishawahi kuuliza kwa sauti baba amefanya nini. Nikienda kwao mchungaji anakaribisha wote na mimi ndiye ninayebaki kukaa kwa sababu kanisa langu haliniruhusu. Ubatizo tunatambuana, meza hapana. Sasa huo ni umoja gani wa kuingia mlango mmoja alafu kila mtu ale chumbani kwake? Sijasema kanisa langu limekosea, mafundisho ya Ekaristi nayaamini, nasema inauma na walokole wasilaumiwe peke yao.

Mwana Freretown:
Mama hapo umenishika. Na meza ndiyo iliyowahi kutuletea zogo kubwa sisi wa Mombasa. Juni 1913 kule Kikuyu wamishonari wa Kiprotestanti walikaa kupanga shirikisho la misheni zao, Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti na wengine, na mwisho wa mkutano askofu Peel wa Mombasa, askofu wa hapa hapa, akaongoza Meza ya Bwana ndani ya kanisa la Waskoti na wajumbe wengi wasio Waanglikana wakapokea. Askofu Weston wa Zanzibar aliposikia akamshtaki Peel pamoja na Willis wa Uganda kwa uzushi, mashtaka yakaenda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, magazeti ya Uingereza yakachacha. Hebu fikiria, mtu anaitwa mzushi kwa kuwapa mkate Wakristo wenzake.

Shirikisho kamili halikupatikana, lakini 1918 misheni zilifanya muungano na kutoka hapo ndio tukapata Alliance High School 1926, na baadaye hili baraza la makanisa ya Kenya tunaloliita NCCK. Na utamu zaidi, hiyo Biblia ya Union anayoninukulia Mlokole ni ya 1952, iliwekwa badala ya mbili zilizokuwepo, ya Kimvita ya hapa kwetu na ya Kiunguja ya upande wa akina Weston. Kwa hiyo Mlokole unanipiga na kitabu cha umoja.

Mtu wa Mtwapa:
Nyinyi mnazungumza maaskofu wa 1913, mimi naishi njia ya kwenda Kilifi. 2023 kwenye msitu wa Shakahola ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na watu waliambiwa na mhubiri wao wafunge mpaka wafe ili wamwone Yesu huyo huyo mnayesema ni mmoja. Mnapoimba tofauti si kitu, tuheshimiane, nani atasimama aseme huyu si mchungaji? Mimi umoja wa kunyamaziana siutaki. Bora pasta wa harusi yenu, angalau amesema anachoamini hadharani na mnaweza kumjibu.

Mwana Freretown:
Nakubaliana na wewe nusu. Kunyamaziana si umoja. Lakini yule wa msituni alifaulu kwa sababu hakuna kanisa lililokuwa na haki ya kumuuliza kitu, kila mmoja na lake, kila mmoja na kibali chake. Makanisa yanayotambuana ubatizo yanaulizana pia huyu mtumishi katoka wapi na nani alimwekea mikono. Na ukishawaambia waumini kwamba nje ya hapa wote si Wakristo, umeshawafungia mlango wa kwenda kuuliza kwa jirani.

Jirani wa Kibokoni:
Mimi Muislamu, naingia kwa adabu na natoka. Sisi mwezi ukiandama kila mwaka ni mzozo, huyu anasali Idi leo yule kesho, nyumba moja sahani mbili. Tunarushiana maneno makali, lakini sijaona mtu amwambie mwenzake kwa sababu ya mwezi atoe shahada upya. Hayo tu. Biriani ya hiyo harusi ikipatikana mnijulishe.

Mlokole wa Bamburi:
Jirani umenichekesha lakini si sawa, shahada mtu mzima anaitamka mwenyewe, ndio hoja yangu yote hiyo 😀

Mwana Freretown, nikwambie ukweli, pasta wetu angefungisha hiyo ndoa. Ubatizo ni wa kufundishwa, harusi isiwe mtego, mtu akiingia majini kwa sababu ukumbi umeshalipiwa huo pia si wa kuamini. Huyo pasta amekosea hapo. Lakini ukiniuliza kama yule binti alibatizwa, bado nasema hapana na nyanya naomba anisamehe.

Mama Tudor:
Basi si arudie tu ahadi za ubatizo kwa mdomo wake mbele ya makanisa yote mawili bila maji? Sisi mkesha wa Pasaka kila mwaka tunarudia kanisa zima, na nyanya akiwepo asimame naye.

Mlokole wa Bamburi:
Towashi wa Matendo 8 hakurudia ahadi mama, alisema tazama, maji haya.

Mwana Freretown:
Wazo la Mama Tudor nalipeleka nyumbani leo, nione wazee watasemaje. Mlokole, towashi alikuwa hajabatizwa popote, usinichanganyie. Naingia shifti ya usiku bandarini, simu haziruhusiwi kule. Nakuachia nyumba ya Lidia, Matendo 16, na ile ya Stefana, 1 Wakorintho 1, nazo zilibatizwa, kesho asubuhi nataka jibu lako hapa.