Hadikoo ni gemu au ni mchezaji? Tujadili wadau

Wakuu habari za jioni. Hii imeanza jana kwenye banda la gemu huku Ngamiani, Tanga, jamaa kafungwa tano bila kwenye EA FC akanyanyuka anasema eti gemu za mpira ni za kikazuali, yaani za kujifurahisha tu, hadikoo wa kweli, yaani aliyekomaa na gemu ngumu, anacheza Dark Souls tu. Watu wakacheka, mi nikanyamaza ila nimelala nalo.

Mi naona uhadikoo unatokana na kushindwa kunakugharimu nini. Dark Souls ya 2011 haina sehemu ya kuchagua ugumu, ukifa zile roho ulizokusanya zinabaki pale pale ulipofia, urudi uziokote, ukifa tena kabla hujazifikia ndo basi zimekwenda. Sasa sisi bandani aliyefungwa analipa na anaachia pedi, foleni watu sita, na hela yenyewe ilikuwa ya bodaboda kurudi Makorora. Gemu hiyo hiyo mtu anaicheza kwa mjomba wake kwenye sofa anatafuna kashata, anafungwa na anacheka. Hapo ni kazuali kweli, lakini huku kwetu??

*Mdau wa Chumbageni:* Mkuu unachanganya mafaili, hiyo ni presha ya hela, hata karata za hela zina presha. Uhadikoo uko kwenye gemu ilivyotengenezwa. Wii, ile mashine ya gemu ya Nintendo ya 2006, iliuza zaidi ya milioni 100 kwa sababu hata bibi alishika rimoti akaipunga akawa kacheza tenisi, hapo hadikoo iko wapi? Candy Crush, ile ya kupanga pipi kwenye simu, ndo usiseme.

*Muuza vitumbua:* Kaka zangu Candy Crush mmenigusa. Nikisubiri wateja nacheza, nipo levo ya 2,300 na sijawahi kununua chochote humo, maisha matano yakiisha nakaa nusu saa nipate moja. Mwanangu anajiita hadikoo, hiyo hiyo kaiacha levo ya 90 anasema inamchosha. Haya niambieni kazuali nani hapo nyumbani.

Dada umemaliza kazi. Tena Tetris, matofali yanashuka unayapanga, mtoto anaelewa dakika moja, lakini Desemba 2023 dogo wa miaka 13 wa Oklahoma kaipeleka ile ya Nintendo ya zamani mpaka levo ya 157 gemu yenyewe ikaganda. Iliyotengenezwa rahisi hiyo mdau wa Chumbageni.

*Mzee wa baraza:* Nyie wa juzi. Njooni muone bao, mashimo 32 kete 64, wewe bado unanamua, yaani unaingiza kete za mkononi, mwenzio keshaona utakavyokufa kwenye mtaji, pale za mkononi zikiisha. Na hapa hakuna anayelipa hata shilingi, kwa hiyo kijana hoja yako ya gharama naona imelala.

Shikamoo mzee. Hakuna hela sawa, lakini aliyefungwa asubuhi barazani si anataniwa mpaka isha? Kesho yake akipita sokoni anaulizwa kete zimemfanya nini. Bora mi ninayelipa mia tano nikaondoka zangu.

*Mzee wa baraza:* Marahaba. Hapo sina la kusema, mwaka jana nilibadilisha msikiti wiki nzima.

*Mdau wa Chumbageni:* Bado sijakubali. Gemu za mpira ni kazuali.

Aaah kumbe ndo wewe wa tano bila! Mwenye banda anakuulizia, uliondoka hujalipa.