Nimeuziwa riwaya iliyokatwa kurasa Kisumu, na muuzaji ananiambia nisome zilizobaki

Wadau, nimekasirika na sitaficha. Kuna jamaa anauza vitabu kwenye veranda pale Oginga Odinga Street. Aliniuzia Rendezvous with Rama, riwaya ya sayansi ya kubuni ya Arthur C. Clarke, kwa Sh800, ikiwa imefungwa kwa nailoni kama mpya. Ukitaka kuifungua kabla ya kulipa, anakukatalia. Sasa najua kwa nini.

Nilimnunulia mtoto wa kaka yangu, yuko kidato cha tatu na anapenda sana fizikia. Mimi nilikisoma zamani cha kuazima, na kwa miaka yote hiyo sijakisahau. Juzi kijana akanijia amekunja uso: "Shangazi, Jimmy alivukaje?" Nikamwambia arudi asome polepole. Akanifungulia mbele ya macho yangu: ukurasa wa 118, kisha 151. Kurasa 32 hazipo! Nikaanza kukikagua. Ni fotokopi tupu, maneno yamemezwa upande wa mshono, na gundi ya mgongoni inabanduka ukiigusa kwa kucha.

Na wala si kurasa za kujazia. Rama ni chombo cha angani, silinda yenye uwazi ndani, urefu wake kilomita 50, iliyoundwa na viumbe wasiojulikana, na inajizungusha mara moja kila dakika 4. Mzunguko huo ndio unaowakandamiza wanaanga walioingia humo kwenye ukuta wa ndani wakatembea kana kwamba wako ardhini. Katikati yake kuna bahari ya upana wa kilomita 10 inayozunguka silinda nzima. Nilimwambia kijana asimame Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, awaze ziwa likipanda kushoto na kulia hadi likutane juu ya kichwa chake. Akaelewa papo hapo.

Sasa Jimmy Pak, mmoja wa wanaanga hao, anaivuka bahari hiyo angani, akipiga pedali kwenye baiskeli ya kuruka, akifuata mhimili wa katikati ambako hakuna uzito. Dhoruba ya umeme inamharibia chombo, anaangukia upande wa kusini, peke yake kabisa. Huko ndiko anakokuta ua, na anasumbuka moyoni kama ana haki ya kulichuma. Halafu, ili aokolewe, anaruka baharini kutoka kwenye genge la mita 500 akiwa na shati lake tu la kumpunguzia kasi! Anapona kwa sababu uzito huko ni mdogo kuliko wa duniani. Genge la kaskazini lina mita 50 tu, kwa kuwa Rama ikiongeza mwendo maji yote yanasukumwa kusini. Hayo ndiyo niliyotaka mtoto akutane nayo mwenyewe, usiku, kitabu mkononi. Badala yake ilibidi nimsimulie jikoni, na utamu wote ukaisha.

Nilirudi kwa muuzaji nikiwa na kitabu na ujumbe wa M-Pesa. Unajua alichonijibu? "Madam, hizo ni hadithi tu, soma zilizobaki. Wengine hawajalalamika." Hawajalalamika kwa sababu wengi wanawanunulia watoto, na mtoto akikwama anadhani yeye ndiye hajaelewa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hizo Sh800. Kijana wangu alianza kujiona mjinga kwa kosa la mtu mwenye mashine ya fotokopi.

Na asiniambie ni kitabu cha kale kisicho na mwenyewe. Kilitoka 1973, lakini Clarke alifariki 2008, na sheria ya hakimiliki ya Kenya inalinda kazi ya mwandishi kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Huo ni wizi, halafu hata kuiba kwenyewe ameiba nusu nusu.

Nataka pesa zangu au nakala kamili. Nyinyi mnaonunua pale, kataeni nailoni. Fungueni, hesabuni kurasa mbele yake, na akikataa ondokeni. Na kama kuna mtu Kisumu au Nakuru ana nakala halali anayoiuza, hata iliyochakaa, anitumie ujumbe leo. Kijana anasubiri.