Barua kwa mbunge kuhusu kodi ya data, niandikeje asomwe?

Stesheneri_Arua
Wandugu habari zenu. Nina kiduka cha stesheneri hapa Arua, Uganda, natoa fotokopi na kujazia watu fomu za mtandaoni, namba ya mlipakodi (TIN), maombi ya chuo na kadhalika. Data inanimaliza jamani. Walipofuta ile kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, tukashangilia, kumbe Julai 2021 wakaleta 12% kwenye data yenyewe. Nimepiga hesabu, 12% inaingia kwanza halafu VAT 18% inapanda juu yake, so nikinunua ya 10,000 karibu 2,400 ni kodi! Nilimwandikia mbunge wetu kurasa tatu, nikaanza na hali ya vijana nchini, kimya mpaka leo. Barua ya namna gani wanaisoma?

Mzee_Karani
Kijana wangu, nimefanya kazi ofisini kwa mheshimiwa mmoja, mimi ndiye nilikuwa nafungua barua. Za kurasa tatu zilikuwa zinaishia kwenye boksi chini ya meza, nasema ukweli. Iliyomfikia ni ya ukurasa mmoja, juu inaonyesha mtu anatoka kijiji gani, parishi gani, na mstari wa kwanza unasema anataka nini. Hiyo 2,400 ilikuwa ukurasa wa ngapi? Itoe huko uilete juu. Na usiandike "serikali itusaidie", hilo halina wa kulifanya. Andika naomba upendekeze 12% ishushwe, basi. Halafu sheria yenyewe inasamehe data ya elimu na ya matibabu, sasa mwanafunzi anayeomba chuo hapo dukani kwako mbona data yake inakatwa kodi? Muulize hilo, lazima atafute jibu.

MamaAjenti_Busia
Kaka usichoke. 2018 walipoleta kodi ya 1% kwenye pesa za simu nilikuwa na kibanda hapa Busia, mteja anafika dirishani, anapiga hesabu, anaondoka na simu yake. Daftari langu la Juni lilikuwa linajaa ukurasa kwa siku, la Julai halifiki nusu. Tulitoa fotokopi za kurasa mbili hizo tu tukampelekea mama mbunge wa wilaya, yule wa kiti cha wanawake, aliziangalia akanyamaza muda mrefu. Nchi nzima watu walikuwa wanalalamika, na mwaka huohuo ikashushwa ikawa 0.5%, tena kwa kutoa pesa tu. Kwa hiyo inawezekana! Na wewe una wabunge wawili, wa jimbo na yule mama, andikia wote.

kijana_wa_Kasese
Angalieni na kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, miswada ya kodi inaingia Bungeni kuelekea Aprili na inatakiwa ipite kabla Mei haijaisha. Ukipeleka barua Agosti umefika sokoni watu wameshafunga mizigo. Mswada ukiwa kwenye Kamati ya Fedha ndio wakati, na nakala mpe karani wa kamati. Andika kwa Kiingereza maana huko ndicho wanachotumia. Mimi linaloniuma zaidi ni Facebook ilivyofungwa Januari 2021, dada yangu alikuwa anauzia vitenge huko, lakini usilichanganye humo, barua moja jambo moja.

Stesheneri_Arua
Asanteni sana, nimeanza upya usiku huu. Sasa inaanza hivi: "Mheshimiwa, naomba upendekeze kodi ya 12% kwenye data ishushwe. Kila nikinunua data ya 10,000 ili wanafunzi wa jimbo lako waombe vyuo, karibu 2,400 ni kodi." Na kesho nafungua daftari, data niliyonunua, fomu nilizojaza, na waliorudi nyumbani kwa kukosa hela. Mzee, niitume kwa barua pepe?

Mzee_Karani
Peleka kwa mkono. Beba nakala mbili, moja wakupigie muhuri wa kupokea wenye tarehe, hiyo unarudi nayo. Baada ya wiki mbili unaenda unawaonyesha muhuri wao wenyewe.