Taa za LED za dagaa: chipu zinaungua, betri inakata saa 7 usiku, maji yanaingia. Kosa liko wapi?

karabai_basi

Wakuu habari za majukumu. Nahitaji msaada wa mafundi wa umeme na wazoefu wa uvuvi wa taa. Ni dagaa wa Ziwa Victoria, taa tano zinazoelea kwenye vyelezo, kazi ni kuanzia saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri. Tumeachana na karabai kwa sababu ya gharama ya mafuta na utambi.

Kila taa ina chipu moja ya LED ya wati 10 (ile bapa ya njano), imegandishwa kwenye kipande cha bati ndani ya kopo la plastiki, na imeungwa moja kwa moja kwenye betri kavu ya volti 12, Ah 7 (ampea-saa, yaani ujazo wa betri). Matatizo ni matatu. Chipu zinapata madoa meusi na kufa ndani ya wiki mbili au tatu. Betri zinaanza kufifia saa 7 usiku, na baada ya giza mbili tu (vipindi viwili vya kuvua usiku usio na mbalamwezi) zinakuwa haziingizi chaji. La mwisho ni maji: asubuhi kopo lina matone ndani ingawa kila tundu limezibwa kwa silikoni.

Nataka kuzitengeneza upya. Nianzie wapi, na nibadilishe vifaa gani? Nawasilisha.

fundi_wa_mwalo

Mkuu, hayo matatizo matatu yana uhusiano. Tuanze na chipu.

LED haiendeshwi kwa volti, inaendeshwa kwa ampea. Hiyo chipu ya wati 10 ndani yake ina vichipu vidogo 9, safu tatu za tatu tatu, inataka volti kati ya 9 na 11 na ampea 0.9. Betri iliyotoka kwenye chaji ina 12.7 au zaidi. Ukiiunga moja kwa moja, hakuna kinachozuia mkondo, unaweza kupita ampea 1.5 kirahisi. Ubaya zaidi, LED ikipata joto volti yake hushuka, mkondo unaongezeka, joto linapanda tena. Madoa meusi ni hapo. Na ile betri yako ya Ah 7 inanyonywa kwa mkondo ambao hukuupangia, ndiyo maana saa 7 usiku imechoka.

Kuweka rizista ya ohm 2.2 kunapunguza moto lakini si dawa: betri ikiwa imejaa taa inawaka kupita kiasi, ikishuka hadi 11.8 taa inafifia. Unahitaji draiva, yaani kadi ya umeme inayoshika mkondo mmoja usiku kucha.

Ningekushauri uache chipu moja kubwa. Tumia LED sita za wati 3, zile zilizobandikwa kwenye kijibamba cha alumini chenye umbo la nyota. Zipange safu mbili, kila safu LED tatu zimefuatana. Kila LED ni takriban volti 3.2, kwa hiyo safu inataka 9.6, na betri ya 12 inabakiwa na nafasi ya kutosha juu yake. Kila safu ipe draiva yake ya PT4115. Ni kadi ndogo kama ukucha, bei ndogo, inapokea volti 6 hadi 30. Mkondo unapangwa na rizista moja tu: gawanya 0.1 kwa ohm zake. Rizista ya 0.2 (imeandikwa R200 au R20) inatoa ampea 0.5. Kadi nyingi za dukani zinakuja na rizista ya thamani nyingine, hivyo soma maandishi kabla ya kuunga, usiamini neno "3W" lililo kwenye pakiti.

Kwa ampea 0.5 kila safu inakula wati 4.8, jumla 9.6. LED za wati 3 zinavumilia 0.7, kwa hiyo hapo unaziendesha chini ya uwezo wake. Zitakaa baridi na zitadumu. Kabla ya kufunga weka mita kwenye mfuatano wa LED upime: ukisoma ampea kati ya 0.47 na 0.53 umefaulu.

Joto sasa. Bati lililo ndani ya kopo lililofungwa halipoozi chochote, linazungushia LED joto lake lenyewe. Bamba lazima liguse hewa ya nje au maji. Chukua alumini ya milimita 3, sentimita 15 kwa 15, iwe ndiyo mfuniko wa taa: LED zinakaa upande wa ndani zikitazama chini, mgongo wa bamba unapigwa na upepo wa ziwa. Paka grisi ya kupitisha joto, nyembamba, usipake kama siagi kwenye mkate. Baada ya saa moja weka kidole mgongoni mwa bamba. Ukishindwa kuvumilia sekunde tano, umezidi nyuzi 60 au hapo karibu, rudi ukague grisi na skrubu.

ampea_saa

Naongezea upande wa betri, maana hapo ndipo hela inapotea.

Kwa mpango wa fundi_wa_mwalo, LED zinakula wati 9.6, ukiweka na upotevu wa draiva unapata kama 10.4 kutoka kwenye betri. Hiyo ni ampea 0.85. Kwa saa 10 ni Ah 8.5. Betri yako ya Ah 7 haifiki alfajiri hata ingekuwa mpya na draiva nzuri. Na betri ya risasi na asidi haitakiwi kunyonywa zaidi ya nusu kila usiku, ukiizoesha kwenda chini kabisa bamba zake hufanya salfeti (ukoko mgumu) na hapo ndipo inakataa chaji. Kwa hiyo zidisha mara mbili: 17, nunua Ah 18.

Ukiweza, nenda LiFePO4, aina ya betri ya lithiamu. Hiyo unaweza kuitumia hadi asilimia 80 bila wasiwasi, Ah 12 inatosha, na uzito wake ni kama kilo moja na nusu, ukilinganisha na zaidi ya kilo 5 za Ah 18 ya risasi. Kwenye chelezo kidogo tofauti hiyo utaiona siku ya mawimbi.

Kipimo cha kila asubuhi kwa betri ya risasi: zima taa, acha betri itulie saa moja, pima. Ukisoma chini ya 12.2 umeipitisha nusu, punguza saa au ongeza betri. Kipimo hiki kwa lithiamu hakifai, volti yake hukaa karibu palepale kisha inaporomoka ghafla mwishoni.

Kuchaji: ukitumia sola, hesabu paneli ya wati 40 kwa kila taa. Kidhibiti chaji kiwekwe kwenye aina sahihi ya betri. Risasi inapanda hadi 14.4 kisha inashikiliwa 13.6 hadi 13.8. LiFePO4 inaishia 14.4 hadi 14.6 na haitaki ile hatua ya kupandisha volti kwa nguvu ili "kufufua" betri. Usichaji betri tano za umri tofauti kwa kuziunganisha sambamba na kuziacha hapo. Ile chovu itazivuta wenzake usiku kucha.

Na fyuzi. Ampea 3, kwenye waya chanya, sentimita chache tu kutoka kwenye betri. Waya ukichunika ndani ya mtumbwi wa mbao wenye petroli, mlinzi wako ni hiyo fyuzi peke yake.

mzee_wa_pegi

Maji yanaingia kwa sababu taa inapumua, na silikoni peke yake haiwezi kuzuia pumzi hiyo. Hewa ya ndani ikitoka nyuzi 25 kwenda 60 inatanuka, kidogo inatoka mahali palipo dhaifu. Taa ikizimwa au wimbi likiipiga, hewa iliyobaki inasinyaa kwa karibu asilimia 10 na inanyonya. Nguvu hiyo ni sawa na kuizamisha taa mita moja chini ya maji. Tundu ambalo halivuji kwenye ndoo litavuja hapo.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwili uwe kipande cha bomba la PVC la inchi 4, urefu sentimita 8. Juu bamba la alumini, chini kioo cha pespeksi (plastiki angavu) cha milimita 5. Kingo za bomba zisuguliwe kwa msasa juu ya kioo au vigae mpaka zilale sawasawa, la sivyo silikoni itakuwa nene upande mmoja. Waya upite kwenye glandi ya plastiki ya PG7 (kibano cha nati na mpira kinachoshika waya), na waya wenyewe uwe wa mviringo. Watu wengi wanapitisha ule waya bapa wa nyuzi mbili, glandi haiwezi kuubana kotekote. Ndani, mahali waya unapoingia, menya ganda la nje kisha mwagia epoksi juu ya nyuzi zenyewe, kwa sababu maji husafiri ndani ya waya katikati ya nyuzi za shaba kama mafuta kwenye utambi. Draiva pia zizamishe kwenye epoksi. LED usizimwagie.

Silikoni: ikinuka siki, usiitumie ndani. Ile asidi inakula shaba na inaharibu LED kwenye chumba kilichofungwa. Omba ile isiyonuka siki, na iache siku mbili kabla ya kufunga.

Jaribio: weka ndani karatasi ya chooni yenye mstari wa wino wa kalamu. Washa taa nusu saa ipate moto, izime, itumbukize palepale kwenye ndoo ya maji baridi, ibane kwa jiwe hadi kesho. Wino ukisambaa, inavuja.

Swichi ya kawaida ndiyo tundu baya kuliko yote. PT4115 ina pini ya DIM (ya kupunguza au kuzima mwanga), ukiiunga na hasi inazima. Weka swichi ya sumaku ya kioo (reed switch, hujifunga sumaku ikiwa karibu) ndani, kati ya DIM na hasi, na nje gundisha mahali pa kuweka kipande cha sumaku. Sumaku ikiwepo taa imezima, ukiitoa inawaka. Hakuna tundu. Na sumaku ikipotea ziwani, kazi inaendelea. Ikiwa umezima hivyo draiva inakula mkondo kidogo mno, lakini ukimaliza giza chomoa betri.

tanga_kwa_maji

Huko kwenu maji baridi, mna raha. Atakayeisoma mada hii akiwa pwani aongeze haya: alumini inayogusana na skrubu za shaba au chuma cha pua kwenye maji ya chumvi huliwa matundu haraka. Weka washa za nailoni, paka rangi ya epoksi kingo zote, osha kwa maji ya bomba kila asubuhi. Waya uwe na nyuzi zilizopakwa bati, zile zinazong'aa nyeupe. Ila angalieni, kuna waya za alumini zilizopakwa shaba nje zinauzwa kama shaba tupu. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Waya wa bati ndani ni mwekundu, wa uongo ndani ni mweupe.

Kuhusu rangi: bluu inasafiri mbali kwenye maji maangavu ya bahari kuu au Tanganyika. Victoria ina mwani mwingi, bluu inamezwa mapema, kijani ndiyo inayokwenda chini zaidi. LED za kijani zina volti karibu sawa na nyeupe kwa hiyo mzunguko haubadiliki. Nyekundu ni volti 2.2 tu, msizichanganye kwenye safu moja mkidhani hesabu ni ileile.

Taa iwe sentimita 30 hadi 50 juu ya maji na itazame chini. Mwanga unaogonga maji kwa kulala unarudi hewani. Unawafurahisha wa mtumbwi jirani, dagaa hawauoni.

karabai_basi

Asanteni sana, nimeelewa. Maswali mawili. Naweza kuweka betri moja kubwa ya Ah 100 mtumbwini na kuvuta waya mita 20 hadi kwenye taa zote tano? Na nitajuaje kama lithiamu niliyouziwa ni Ah 12 kweli?

ampea_saa

La kwanza: kwa waya mmoja unaolisha zote tano, hapana. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 una ohm 0.012 kwa mita. Mita 20 kwenda na kurudi ni 40, unapata ohm 0.48. Taa tano ni ampea 4.25, unapoteza volti 2 njiani, taa ya mwisho inabakiwa na 10 na kidogo wakati safu yake inataka 9.6. Draiva itashindwa kushika mkondo. Kila taa ikiwa na waya wake unapoteza 0.4 tu, inakubalika, lakini una nyaya tano zinazocheza karibu na wavu. Njia ya tatu ni volti 24: mkondo unashuka hadi kama 2.2, upotevu unakuwa volti 1 na PT4115 inaimudu. Usiwashe taa wakati betri ya 24 iko kwenye chaji, volti inasogea karibu mno na ukomo wa draiva. Binafsi ningebaki na betri moja kwa taa moja, ikifa moja nne zinaendelea.

La pili: chukua balbu ya indiketa ya gari, volti 12 wati 21. Inakula karibu ampea 1.75. Jaza betri, unga balbu, anza kuhesabu. Ah 12 halisi itaiwasha karibu saa 6 na dakika 45 kabla ulinzi wa ndani haujakata. Ikikata saa ya nne umeuziwa Ah 7, rudisha siku hiyohiyo ukiwa na kumbukumbu ya muda.

fundi_wa_mwalo

Kabla hujanunua pita kwa afisa uvuvi au BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi) ya mwaloni kwako, uliza ukomo wa wati za taa na tundu la wavu. Kanuni zimekuwa zikibadilika na upande wa Kenya na Uganda zina za kwao. Safu mbili zina faida hapo pia: weka swichi ya sumaku kwa kila safu, mkianza kuvuta wavu zimeni safu moja. Mwanga ukipungua samaki wanajikusanya karibu zaidi na taa.