Kugawa betri kwa matumizi hakunipi umbali ulioandikwa: nimekosea wapi?

Mnunuzi Mtarajiwa

Habari zenu wakuu. Ninalinganisha magari ya umeme kabla ya kununua, na kuna hesabu inanikataa. Karatasi ya gari moja inasema kwamba betri ni ya kWh 60, matumizi ni kWh 17 kwa kilomita 100, na umbali kwa chaji moja ni kilomita 400, kwa kipimo cha WLTP, yaani kile cha maabara kinachotumika Ulaya. Nikigawa 60 kwa 17 napata kilomita 353 tu. Kwingine nimeona betri hiyohiyo ikitajwa kuwa ya kWh 64, lakini hata hapo ninaishia kwenye 376. Je, watengenezaji wametia chumvi, au mimi ndiye nisiyejua kuisoma karatasi yenyewe?

Fundi wa Mikondo

Mkuu, kugawa umegawa sawasawa, ila namba zako mbili zimepimwa mahali tofauti. Umbali hupatikana gari likiendeshwa maabara mpaka betri iishe, lakini matumizi huhesabiwa kwenye soketi: gari likishamaliza chaji, huchomekwa hadi lijae, na umeme wote uliopita kwenye mita huandikwa, ukiwamo ule ambao haukufika kwenye betri. Chaja iliyomo ndani ya gari hugeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu, na katika kazi hiyo sehemu ya umeme hupotea kama joto.

Sasa rudia hesabu kwa kuanzia upande wa pili. Kilomita 400 kwa kWh 17 kila mia ni kWh 68 kwenye mita, na kati ya hizo 60 ndizo zilizosukuma gari, kwa hiyo 8 ziliishia njiani, yaani takriban asilimia 12, kiwango cha kawaida kabisa. Ukiwa barabarani, kioo cha dashibodi kitakuonyesha kWh 15 kwa mwendo uleule ambao bili itauhesabia 17, na vyote viwili vitakuwa vimesema kweli.

Mzee wa Seli

Naongezea kuhusu hiyo 64. Huo ni uwezo wa jumla, na 60 ni uwezo unaotumika. Seli za lithiamu huchakaa upesi zikijazwa hadi pomoni au zikikamuliwa hadi tone la mwisho, kwa hiyo programu ya gari hufungia akiba usiyoweza kuigusa. Audi e-tron 55 ilipoingia sokoni ilitangazwa kuwa na kWh 95, na zilizotumika zilikuwa 83.6. Wauzaji wengi hupenda kutaja namba kubwa, nami sioni faida yake kwa mnunuzi, kwa sababu umeme usioweza kuutumia haukufikishi popote.

Msafiri wa Mbali

Wakuu wameeleza vizuri, lakini tusimwache mwenzetu akidhani kwamba kilomita 400 zinamsubiri. Chukua Nissan Leaf ya kWh 40: kipimo cha zamani cha Ulaya, NEDC, kiliipa kilomita 378, WLTP ikaipa 270, na EPA, shirika la mazingira la Marekani, ikaipa maili 151, yaani kama kilomita 243. Japani, kwa kipimo cha JC08, gari hilohilo lilifika 400! Betri haikubadilika, kilichobadilika ni mtihani.

WLTP ni dakika 30 za maabara kwenye nyuzi joto 23, kipoza hewa kikiwa kimezimwa. Mwendo hugusa kilomita 131 kwa saa kwa muda mfupi, lakini wastani wake, pamoja na kusimama, ni kama 46 tu. Kwenye barabara kuu hali ni nyingine, kwani upinzani wa hewa hupanda kwa kipeo cha pili cha mwendo: ukitoka 90 kwenda 120, nguvu inayokuvuta nyuma inakuwa karibu mara 1.8. Wamarekani, kwa kulijua hilo, kwa kawaida huzidisha matokeo ya maabara kwa 0.7 kabla ya kuyatangaza.

Mnunuzi Mtarajiwa

Nashukuru sana, sasa hesabu imekaa. Jana niliruhusiwa kulijaribu gari lenyewe, na nilipolishikilia kwenye 115 kwa muda, kioo kilitulia kwenye kWh 20 kwa kilomita 100. Je, nipange safari kwa kilomita 300?

Msafiri wa Mbali

Mia tatu ni za kuanzia betri iliyojaa hadi kuzimika, na hakuna anayesafiri hivyo. Njiani utachaji mpaka asilimia 80, kwa sababu zaidi ya hapo chaja ya kasi hupunguza mwendo na utakaa bure, kisha utatafuta kituo ukibakiwa na 10. Hiyo ni asilimia 70 ya 60, yaani kWh 42; kwa matumizi yako ya jana ni kilomita 210 kati ya kituo na kituo. Hatua ya kwanza, ukitoka nyumbani umejaza, ndiyo pekee itakayofika 270.