Sheria za biashara ya ngono zinamlinda nani hasa?

mpitanjia:
Wadau naomba tujadili hili bila matusi. Mwanamke anayejiuza akibakwa na mteja au akiporwa hela aende wapi? Akifika polisi anaulizwa ulikuwa unafanya nini pale saa hizo, akisema ukweli anawekwa ndani yeye, na hao wabakaji wanalijua hilo vizuri sana ndo maana wanarudia. Kuna nchi mpaka kondomu kwenye mkoba inageuzwa ushahidi, sasa abebe kinga au aiache? Sheria irekebishwe vipi?

mzee_wa_hoja:
Mkuu mimi nakubaliana na Uswidi. Tangu 1999 anayeuza hashtakiwi, anashtakiwa mnunuzi. Ufaransa nao wakafuata 2016. Wengi wa hawa dada wamesukumwa na shida, adhabu imwangukie mwenye pesa.

dadake_wote:
Kaka nia yako naielewa ila huko barabarani inakuwa hivi: mteja akiogopa kukamatwa hataki kutaja jina wala kutoa namba, anataka mwanamke aingie kwenye gari chapchap waondoke. Zile dakika za kumsoma mtu kwanza, kalewa? kuna mwenzake kajilaza siti ya nyuma? hazipo tena. Na Ayalandi walipoleta sheria ya namna hiyo 2017 wanawake wawili wakifanya kazi nyumba moja ili walindane bado ni kosa la kuendesha danguro, tena adhabu ikaongezwa! Hapo umemlinda nani jamani

mzee_wa_hoja:
Hilo la nyumba nimekuelewa. Lakini ukifuta makosa yote si unawafungulia mlango wanaosafirisha mabinti kwa nguvu?

dadake_wote:
Hapana, hayo yanabaki jinai. New Zealand waliondoa kosa 2003, bungeni kura 60 kwa 59, ila kulazimisha mtu ni kosa na kumnunua aliye chini ya miaka 18 ni kosa. Sheria yao inasema mtu anaweza kumkataa mteja hata kama walishakubaliana, na 2014 mfanyakazi wa danguro alimshtaki bosi wake kwa unyanyasaji wa kijinsia akashinda akalipwa fidia. Mahali anapokamatwa yeye kesi hiyo angeifungua vipi?

mpitanjia:
Asante dada. Nimeona Ubelgiji nao tangu Desemba 2024 wanatoa mkataba wa ajira wenye likizo ya uzazi na pensheni.

dadake_wote:
Ndio, ila wanaojitegemea mkataba huo hauwahusu. New Zealand nako mgeni mwenye viza ya muda haruhusiwi kabisa kazi hiyo, kwa hiyo bosi mbaya anamtisha tu nitakuripoti uhamiaji na dada wa watu ananyamaza. Hicho kifungu nacho kiondoke.